Msiba wa Mji wa Ziwani, na Swali la Deni

Yako maswali ambayo mtu huogopa kuyauliza juu ya kijiji chake mwenyewe, kwa sababu kila jibu huwa na jina la jirani ndani yake. Maswali ya namna hii hufaa kuulizwa kwanza juu ya mji wa mbali, tena ikiwezekana juu ya mji usiokuwako kabisa. Wazee walipotaka kumkanya mkubwa walisimulia habari za sungura na simba, kwa maana sungura hana ukoo wa kuja kulalamika asubuhi yake. Nasi mwezi huu twaifuata njia hiyo. Twataka kuutazama mji mmoja wa hadithi, mji mdogo uliopatwa na taabu nyingi, tuulize juu yake neno linalowasumbua watu wa kila nchi: Msiba ukiuangukia mji, ni nani mwenye deni kwa walioumia? Je, ni yule tu aliyeuleta?

Mji huo waitwa Esgaroth, nao umo katika kitabu cha Kiingereza kiitwacho The Hobbit, kilichotolewa London mwaka 1937. Mtungaji wake, J. R. R. Tolkien, alizaliwa katika bara letu hili la Afrika, mjini Bloemfontein, mwaka 1892. Akachukuliwa na mama yake kwenda Uingereza mwaka 1895, akawa profesa katika chuo kikuu cha Oxford, akafa mwaka 1973. Hadithi hiyo aliwasimulia watoto wake kwanza. Wengi huisoma kwa ajili ya joka lake na vita vyake, na watu wa mji huwapita upesi, kama msafiri apitavyo soko bila kununua kitu. Lakini sisi twaona kwamba maneno mazito ya kitabu kile yamo midomoni mwa watu wa mji.

Esgaroth haukujengwa juu ya nchi kavu. Ulijengwa ndani ya ziwa, juu ya nguzo za miti mikubwa zilizokitwa chini majini, na daraja la mbao liliuunganisha na ufuo. Watu wake waliishi kwa biashara ya mto: mvinyo na bidhaa nyingine zilikuja kutoka kusini, zikapelekwa kwa mfalme wa Watu wa Msituni ndani ya mapipa, na mapipa matupu yakarudi yakielea juu ya maji. Upande wa kaskazini ulikuwako mlima mmoja peke yake. Zamani, ndani ya mlima ule walikaa Watu Wafupi, wachimbaji wa dhahabu na wafuaji hodari wa vyuma, na chini yake palikuwa na mji wa watu wa kawaida, jina lake Dale, uliotajirika kwa ujirani huo. Kisha likaja joka, jina lake Smaug, likauharibu mji wa Dale, likawaua na kuwafukuza Watu Wafupi, likalala juu ya dhahabu yote.

Basi, watu wa ziwani wakabaki na nyimbo. Waliimba kwamba siku moja mfalme wa mlima atarudi, na mto utashuka na dhahabu. Vijana wao hawakuamini hata kwamba joka liko. Waliwacheka wazee waliosema wamewahi kuliona likiruka. Lakini nyimbo wakaziimba vile vile. Tukiulizwa ni lini taabu za mji huu zilianza, tutajibu kwamba zilianza hapa, kabla ya moto. Mji uliozoea kuimba juu ya utajiri wa mwenzake huwa umekwisha kuwa na jambo baya moyoni, hata kama biashara yake yaendelea salama.

Siku moja wakatokea Watu Wafupi 13, na pamoja nao kijitu kimoja, Bilbo jina lake, mfupi kuliko hata wao. Walikuwa wametoroka katika vifungo vya mfalme wa Msituni kwa kufichwa ndani ya yale mapipa matupu, wakafika wamelowa, wana njaa, wamevunjika maungo. Kiongozi wao, Thorin, akaingia penye karamu ya wakubwa wa mji, akasema kwamba yeye ndiye mjukuu wa mfalme wa mlima, naye amerudi. Watu wa nje waliposikia, mji mzima ukaanza kuimba zile nyimbo za kale barabarani.

Mkuu wa mji hakuamini. Aliwadhania kuwa wadanganyifu ambao mwisho wao ungejulikana. Tena aliogopa kumwudhi mfalme wa Msituni, mwenye wafungwa na mwenye biashara. Lakini alisikia sauti za watu nje ya mlango, akampa Thorin kiti chake mwenyewe. Mkuu wa namna hii si mgeni kwetu. Hutazama watu wanakwenda wapi, kisha hukimbia awe mbele yao.

Wageni wakakaa siku 14 wakila na kunywa na kupona. Wakapewa nyumba, na mwishowe mashua, farasi na chakula cha safari. Msomaji ataka kujua: Huu ulikuwa ukarimu, au ilikuwa biashara ya kutumaini faida? Sisi twajibu kwamba ulikuwa vyote viwili, kama ilivyo karibu kila siku. Mama aliyeleta supu alimhurumia mgeni anayetetemeka, naye huyo huyo alifikiri habari za dhahabu ya mtoni. Neno hili tuliweke akilini, maana tutalihitaji baadaye.

Huko mlimani Bilbo akaingia pangoni, akatwaa kikombe kimoja cha dhahabu. Joka likaamka, likakasirika. Aliporudi mara ya pili likasema naye, naye akajibu kwa mafumbo ili asitaje jina lake. Na katika kujivunia mafumbo yake akasema kwamba yeye ni mpanda mapipa. Neno hilo moja likatosha. Joka lilijua mapipa yanakotoka. Usiku likaruka kwenda ziwani.

Watu wa mji waliona mwanga upande wa kaskazini, wakashangilia, wakidhani mfalme anafua dhahabu. Mtu mmoja tu, Bard jina lake, mwenye sauti nzito na uso mkali, alisema kwamba ni joka. Rafiki zake walizoea kumtania kwamba kila siku anatabiri mafuriko na samaki wenye sumu. Akakimbia kwa Mkuu kumwonya, na kwa ajili ya onyo hilo tarumbeta zikalia, daraja likavunjwa, watu wakajaza maji katika vyombo. Joka likachoma nyumba kwa nyumba. Mkuu akaelekea kwenye mashua yake iliyopakwa dhahabu, apate kukimbia. Bard akasimama mpaka akabakiwa na mshale mmoja, akaonyeshwa na ndege mahali palipo wazi katika kifua cha joka, akalipiga. Likafa, lakini lilipoanguka lilianguka juu ya mji wenyewe, nao ukasagika wote. Hata ushindi uliwanyima nyumba. Robo tatu ya watu walifika ufuoni wakiwa hai, na usiku ule wa baridi ukawaua wengine waliokwisha kuokoka na moto.

Sasa tumefika penye neno letu.

Watu walipokuwa ufuoni, hasira yao ilimwangukia Mkuu kwanza, kwa sababu aliuacha mji upesi. Wakapiga kelele kwamba wamtaka Bard awe mfalme. Mkuu akasimama. Hakukipata cheo chake bure; alijua kusema. Akawauliza kwa nini walaumiwe wakuu wa mji. Ni nani, akasema, aliyeliamsha joka kutoka usingizini? Ni nani aliyepokea vipawa vyetu na msaada wetu, akatuaminisha kwamba nyimbo za kale zaweza kuwa kweli? Tuwadai nani fidia, na msaada wa wajane na yatima? Mara ile watu wakamsahau yeye, wakaanza kuwalaani Watu Wafupi, hata wale walioimba kwa sauti kubwa kupita wote.

Tusiyapite maneno hayo mbio, kwa maana karibu yote yalikuwa ya kweli. Joka liliamshwa na wageni, na vipawa walipewa. Wajane na yatima walikuwapo pale wakitetemeka. Mtu aweza kujificha nyuma ya kweli vizuri kuliko nyuma ya uongo. Uongo una matundu.

Wala jambo hili halina makao Uingereza tu. Tumeona mahali pengi mvua ikikatika, au watoto wakifa mfululizo, ya kuwa watu hawaulizi kwanza kisima kina hali gani. Huuliza ni nani. Na jina likiisha kutajwa, mara nyingi ni jina la asiye na ndugu wengi: bibi kizee akaaye peke yake, au mtu aliyehamia juzi. Walimu wa vijiji wanajua habari hizi kuliko sisi tuandikao mezani. Swali la nani ameuleta lina utamu wake. Humpa kila mtu kazi ya ulimi wakati mikono ingetakiwa, tena huyatoa macho kwa yule aliyekimbia na mashua. Hatusemi kwamba kila mara swali hilo ni la uongo. Hapa halikuwa la uongo. Twasema tu kwamba liliulizwa na mtu aliyefaidiwa nalo, na wakati watoto hawajapata moto wa kuota.

Bard hakuufuata ugomvi huo. Alisema kwamba sasa si wakati wa maneno ya hasira, kuna kazi. Akaenda kuwapangia watu mahali pa kulala, akatuma wajumbe kwa mfalme wa Msituni kuomba msaada. Na yote hayo aliyafanya kwa jina la Mkuu yule yule. Mfalme wa Msituni alikuwa njiani na jeshi lake kuitafuta ile dhahabu isiyo na mlinzi. Alipopata habari za taabu, aligeuza safari, akaleta chakula na mafundi, akafika siku ya tano. Naye basi alikuwa na nia mbili moyoni, kama yule mama wa supu. Na waliolishwa walishiba vile vile.

Kisha Bard na mfalme wakapanda mlimani, wakamkuta Thorin amejenga ukuta mlangoni. Bard akatoa hoja tatu. Ya kwanza: Yeye ndiye aliyeliua joka, na hazina imepatikana kwa mkono wake. Ya pili: Yeye ni wa uzao wa Girion, aliyekuwa mtawala wa Dale, na ndani ya hazina kuna mali nyingi ya Dale iliyoibwa na joka. Ya tatu: Watu wa ziwani waliwasaidia katika shida yao, na malipo waliyopata ni maangamizi, ijapokuwa hayakukusudiwa, je, Thorin hawahurumii?

Thorin akaishika ile ya tatu. Akasema kwamba joka ndilo lililoiba na joka ndilo lililoua. Hazina haikuwa mali ya joka hata makosa yake yalipwe kwayo. Chakula na mashua atalipa bei yake kwa haki, wakati wake. Lakini hatatoa kitu chochote, wala cha thamani ya mkate mmoja, maadamu jeshi lenye silaha limekaa mlangoni pake.

Wengi wakisoma hapa humhukumu Thorin upesi, husema ni bahili. Sisi twataka kumpa haki yake kwanza. Juu ya hatia alisema kweli. Mtu akimwendea mwizi kutwaa kikombe cha babu yake, na mwizi akatoka kwa hasira akachoma nyumba ya jirani, hatia ni ya mwizi. Tukisema vingine, basi hakuna mtu atakayethubutu kudai chake, kwa kuogopa hasira za waovu. Mwenye hatia alikuwa amelala ndani ya ziwa, amekufa, wala mtu hawezi kulipeleka joka barazani.

Lakini angalia alivyojibu. Ya pili hakuigusa kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa nyepesi kuliko zote. Mali ya Dale imechanganyika na mali yake katika chungu moja. Mwenye kuokota chungu hawezi kusema yote ni yangu kwa sababu kuchambua ni kazi. Na ile ya tatu aliijibu kama mwenye duka. Alihesabu mikate. Bei ya mkate wa dukani yajulikana, na ukiilipa mmekwisha kuachana. Mkate wa mtu aliyekufungulia mlango usiku, umelowa, hujulikani wewe ni nani, bei yake haijulikani, wala hailipwi kwa kuuliza unga ulikuwa kiasi gani. Pana deni lisilotokana na hatia. Thorin alilitafuta deni upande wa hatia tu. Alipoona hatia hana, akafunga mlango.

Mtu atasema: Walakini watu wale walimsaidia kwa kutumaini dhahabu, kwa hiyo hawakustahili shukrani. Hapa ndipo twamrudia yule mama. Kama msaada wenye nia mbili haudai shukrani, hakuna msaada hapa duniani unaodai, na sisi sote tumesamehewa madeni yetu kwa siku moja. Aliyepewa hana kazi ya kupima moyo wa aliyempa. Yeye alikuwa na njaa, akala.

Basi je, Bard alikuwa sawa? Twaona alikosa jambo moja, nalo si dogo. Thorin alipouliza kama kuna haki, Bard alimjibu kwamba tajiri aweza kuhurumia kupita haki. Neno jema sana. Lakini alilisema huku nyuma yake wamesimama wapiga mishale wa mfalme wa Msituni, ambaye jana tu alimfunga Thorin gerezani. Haki yaweza kudaiwa, hata kwa nguvu wakati mwingine. Huruma haidaiwi, ukiizungushia mikuki haiwi huruma tena. Bard alizileta hoja mbili za haki na moja ya huruma katika mfuko mmoja, akaufunga kwa kamba ya vita. Thorin alipoiona ile kamba, akapata sababu ya kutoufungua mfuko. Laiti wangetangulia wale wajane peke yao, hata na Bard asiye na upinde! Labda Thorin angewafukuza vile vile, kwa maana dhahabu ilikwisha kumlewesha. Lakini asingekuwa na la kusema.

Waliotoa njia ya amani hawakuwa wakubwa. Yule Bilbo alikuwa na kito kikubwa cha ukoo wa Thorin, kiitwacho Arkenstone, alichokiokota pangoni. Usiku akatoka kwa siri, akampa Bard, ili kiwe rehani ya mapatano. Naye alikubali kwamba kihesabiwe kuwa fungu lake, lile fungu 1 katika 14 aliloahidiwa kwa kazi yake. Thorin akamfukuza kwa matusi.

Twaomba msomaji afikiri juu ya mtu huyu. Kama tungetafuta ulimi uliolionyesha joka njia ya kwenda mjini, ni ulimi wake, lile neno la mpanda mapipa. Yeye mwenyewe alilijua. Alipotoka pangoni alijuta mbele ya wenzake kwamba amelisema, nao wakamfariji. Watu wa ziwani hawakujua, wala mtu hakumshtaki. Hakuna baraza lililomwita. Katika kelele zote za nani ameliamsha, jina lake halikutajwa. Naye ndiye aliyetoa fungu lake lote.

Yaliyofuata ni vita. Mazimwi na mbwa-mwitu walishuka kutoka milimani, na wale waliotaka kupigana wao kwa wao wakalazimika kusimama upande mmoja. Thorin alijeruhiwa, akapatana na Bilbo, akafa. Dain, aliyetawala baada yake, akampa Bard lile fungu 1 katika 14. Bard akatoa dhahabu nyingi, akampelekea Mkuu wa mji kwa ajili ya kuwasaidia watu wa ziwani.

Na Mkuu aliyewataja wajane na yatima kwanza kuliko wote, akachukua sehemu kubwa ya dhahabu hiyo, akakimbia nayo. Wenzake wakamwacha nyikani, akafa kwa njaa.

Mji ulijengwa upya ufuoni, kaskazini kidogo mwa mahali pa kwanza. Ukapata Mkuu mwingine, mwenye akili zaidi, na biashara ikarudi, na watu wakaanza kumsifu kwa kila neema iliyopatikana. Wakatunga nyimbo mpya, kwamba ni katika siku zake mto ulishuka na dhahabu. Habari za Bilbo hazimo katika nyimbo hizo. Mahali joka lilipoanguka, maji yakitulia, mifupa yake huonekana kati ya nguzo zilizovunjika, na vito vingali vimetawanyika chini yake. Wenye mashua hupazunguka.